Utafiti wa pamoja kwenye machimbo ya Busia: mnaanzaje, na nyinyi mnabaki na nini

Naandika hii kwa viongozi wa vyama vya wachimbaji wadogo wa dhahabu huku Busia ya Uganda, Tiira, Amonikakinei mpaka Namayingo, na kwa vijana wa chuo wanaotaka kuja kufanya utafiti kwenye mashimo yetu. Kazi yangu ni kukaa katikati, nasindikiza watafiti na wakati huohuo naangalia chama kisipunjwe, na kitu kimoja nakiona kila mara: utafiti unaozaa kitu ni ule ambao mambo yote yamekubaliwa kabla jiwe la kwanza halijaingia kwenye mfuko. Swali ni la nani, sampuli ni ya nani, majibu yanarudi kwa nani na kwa lugha gani. Mkisema tutaongea baadaye basi ndo hamtaongea tena, mtu keshapanda basi la Kampala na mawe yenu.

Na msidhani utafiti ni mambo ya makampuni makubwa tu. Mwamba wetu huu ni ule ule unaovuka mpaka kwenda Kakamega na Migori kule Kenya, na wa aina hiyohiyo uko Geita Tanzania, wenzetu wa huko wamechunguzwa miaka na miaka. Hapa kwetu idara ya jiolojia ya serikali iko Entebbe tangu 1919 lakini shimo lako wewe hakuna aliyelipima, na usipolipima anayejua thamani yake ni yule anayekuja kununua.

Hatua ya kwanza: swali litoke kwenu

Kabla hujampigia profesa yeyote simu, itisheni kikao cha chama na muulizane ni kitu gani hamkijui ambacho kinawagharimu pesa au afya. Msikae wanaume wa shimoni peke yao. Wanaoosha mchanga na kuchoma dhahabu ni akina mama kwa wingi, na kwenye kikao cha pamoja unakuta wanakaa nyuma kimya, kwa hiyo wapeni kikao chao wenyewe, na mwandishi awe mama. Mtashangaa maswali yatakavyobadilika. Wanaume watauliza mshipa wa dhahabu unaelekea wapi, akina mama watauliza mbona mikono inatetemeka na kwa nini mtu anachomea zebaki kwenye jiko lilelile la kupikia.

Swali ambalo huku linatoka karibu kila mahali ni la marudio. Mnasaga jiwe, mnaosha, mnaweka zebaki, mnapata chenu, halafu ule mchanga uliobaki, ndo marudio yenyewe, anakuja mtu na lori anaununua kwa bei ya mchanga na kuupeleka kwenye matangi ya sayanaidi, ile sumu inayoyeyusha dhahabu. Huyo hanunui mchanga jamani, ananunua dhahabu ambayo zebaki imeshindwa kuikamata. Swali linakuwa: kwenye rundo letu imebaki gramu ngapi kwa tani? Hilo linapimika, lina mwisho, mwanafunzi mmoja anaweza kulifanya kwenye andiko lake la shahada na chama kikaongeza bei wiki inayofuata. Nitalitumia kama mfano mpaka mwisho.

Mtafiti naye atakuja na lake, mara nyingi zebaki kwenye miili ya watu na kwenye maji. Msilikatae, ni kubwa. Uganda iliridhia mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2019 na mkataba ule unataja waziwazi mambo manne mabaya kuliko yote kwenye uchimbaji mdogo: kuweka zebaki kwenye jiwe zima lililosagwa, kuchoma zebaki hewani wazi, kuichoma kwenye makazi ya watu, na kupeleka kwenye sayanaidi mchanga ambao bado una zebaki. Sasa angalia hilo la nne na biashara yetu ya marudio. Kumbe swali lenu la pesa na swali lake la afya yanakutana kwenye rundo moja! Unganisheni yawe utafiti mmoja, sampuli zilezile zipimwe dhahabu na zipimwe zebaki.

Hatua ya pili: mjue mmesimama wapi

Katiba kifungu cha 244 kinaweka madini mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri ya Uganda, ardhi juu yake ni ya mwenyewe, na leseni inaweza kuwa ya mtu wa tatu kabisa. Ingieni kwenye kadasta ya madini mtandaoni, yaani ramani ya leseni zote, iko wazi kwa kila mtu, mkaangalie eneo lenu liko ndani ya leseni ya nani. Sheria mpya ya madini ya 2022 inawatambua wachimbaji wadogo na ina leseni zao, kwa hiyo kama chama hakina leseni basi safari ya leseni iende sambamba na ya utafiti. Kwa nini? Kwa sababu mkishapata majibu mazuri na eneo halina jina lenu, mtakuwa mmemtafitia mwingine bure. Na kama eneo liko ndani ya leseni ya utafutaji ya kampuni, kampuni nayo iitwe mezani mapema. Kumkwepa kunaleta kesi.

Halafu mwenye shamba, LC1 (mwenyekiti wa kijiji), gombolola, ofisi ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani). Waambieni kwa barua yenye muhuri wa chama na mbaki na nakala iliyopokelewa. Nasisitiza hili kwa sababu tangu wachimbaji walivyofurushwa na jeshi kule Mubende Agosti 2017, mgeni yeyote anayezunguka na GPS machimboni anatiliwa shaka, na watu wana haki ya kutia shaka. Asitembee peke yake hata siku moja, atembee na mtu wa chama anayejulikana.

Hatua ya tatu: nani wa kushirikiana naye

Jirani yenu wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Busitema, kina idara ya uhandisi wa migodi na maji hapohapo ndani ya wilaya, mwanafunzi anafika kwa boda, na huo ukaribu ni mali, maana utafiti unataka kurudi mara nyingi. Makerere wana idara ya jiolojia, hao ni wazuri kwa kusoma mwamba na mshipa. Idara ya jiolojia na migodi Entebbe wana ramani, wana ripoti za zamani na wana maabara. Ule uchunguzi wa miamba kwa kutumia ndege uliofanywa miaka ya 2000 ulifunika karibu asilimia 80 ya nchi, Karamoja ikabaki nje wakati ule kwa sababu ya usalama, lakini upande wetu huu data ipo, iombeni. Kwa upimaji wa nje kuna AMGC kule Dar es Salaam, kituo cha madini na jiolojia cha nchi za Afrika kilichoanza 1977 na Uganda ni mwanachama, na kuna maabara za Mwanza zinazopima dhahabu kila siku.

Ushauri wangu ni kuchukua chuo cha karibu kama mshirika mkuu na wengine waje kwa kazi maalum. Chuo cha Ulaya kikija na pesa karibu sana, ila kije kupitia chuo cha hapa na sio kuruka juu yake.

Na chagueni watu wanaosikiliza. Pale Katwe kule Kasese, watu wanavuna chumvi ziwani tangu enzi za mababu, kikajengwa kiwanda kikubwa kwa mkopo wa Ujerumani, maji ya lile ziwa yakala mabomba na kiwanda kikasimama baada ya muda mfupi. Wavuna chumvi wenyewe wanaendelea mpaka leo kwenye vidimbwi vyao. Anayeyajua maji yale alikuwepo pale siku zote, ni kuulizwa tu.

Hatua ya nne: makubaliano kwa maandishi

Hapa ndo msiwe na haraka. Karatasi mbili tatu zinatosha, ila ziwe kwa Kiswahili na Kiingereza na zisomwe kwa sauti kikaoni, na mwenye Kisamia au Kiteso atafsiriwe. Mambo ambayo mimi siachii yapite bila kuandikwa ni haya: sampuli igawanywe na fungu moja libaki na chama, majibu ya maabara yaje kwa chama siku ileile yanapofika kwa mtafiti, yaani ripoti yenyewe ya maabara na sio muhtasari wake, vipimo vya mahali, zile namba za GPS, visichapishwe mpaka muda fulani mliokubaliana upite ili chama kipate nafasi ya kushughulikia leseni, mchimbaji anayeacha shimo siku nzima kusaidia utafiti alipwe siku yake, na ilipwe hata kama majibu ni mabaya, na pesa ya safari ya kurudisha majibu itengwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Hii ya mwisho watafiti wengi wanaisahau, pesa inaisha maabara na anayelipia safari ya kurudi hayupo.

Kuna jambo la haki kwenye ugunduzi pia. Watu wanaona ni ndoto lakini Uganda hii hii imeshatokea. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliozalisha kuanzia 1956 uliacha lundo la pairaiti, madini ya chuma na salfa, karibu na Kasese, zaidi ya tani milioni moja, mvua ikinyesha asidi ilikuwa inatiririka kuelekea hifadhi ya Queen Elizabeth na majani yalikuwa yanakufa. Ndani ya lile taka kulikuwa na kobalti. Ukafanyika utafiti na wataalamu wa BRGM, taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, wakatumia bakteria wanaokula pairaiti ili kobalti iachie, na Kasese ikaanza kuzalisha kobalti mwaka 1999. Kilembe Mines ilikuwa na hisa kwenye kampuni iliyozalisha hiyo kobalti. Hisa zilikuwepo kwa sababu lundo lilikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa mezani. Kwa hiyo andikeni: kikitokea kitu cha kuuzwa au cha kusajiliwa kutokana na rundo letu, chama kina sehemu, na sehemu itajadiliwa kabla ya usajili.

Hatua ya tano: vibali

Hii ni ya mtafiti kuhangaika nayo, nyinyi kazi yenu ni kuomba kuona. Utafiti unaogusa watu, hata kuwahoji tu, unapita kwanza kamati ya maadili iliyotambuliwa halafu unasajiliwa UNCST Kampala, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Akitaka mkojo au nywele za watu ndo kabisa, bila kibali asiguse mtu. Kwa wachimbaji wanaovuta mvuke wa zebaki kipimo sahihi ni mkojo, nywele ni zaidi kwa zebaki inayoingia kupitia samaki, na sisi tunaokula samaki wa Majanji labda tupimwe vyote viwili, muulizeni amepanga kipi na kwa nini. Majina na picha na majibu ya afya yanalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Mawe ya kwenda Dar au Mwanza yanahitaji kibali cha kutoa sampuli nje, kiombwe Entebbe mapema, msije mkakwama pale mpakani na mifuko.

Hatua ya sita: kuchukua sampuli

Hapa naomba mtulie na mimi, maana utafiti mwingi wa dhahabu unaharibikia hapa na sio maabara.

Dhahabu haijasambaa sawasawa, imekaa punje punje. Punje moja ya milimita moja ina uzito wa karibu miligramu 10. Maabara kwa kawaida inapima gramu 30 za unga. Ile punje moja ikiingia kwenye hizo gramu 30, jibu linatoka zaidi ya gramu 300 kwa tani, na chama kinacheza ngoma. Isipoingia jibu linatoka karibu na sifuri na watu wanalia. Rundo ni lilelile! Kwa hiyo jiwe moja zuri ulilookota juu halikuambii chochote, na mtu anayekuonyesha jibu la sampuli moja usimpe pesa yako.

Kwenye rundo la marudio msichote juu juu. Juu pamepigwa na mvua, na mchanga uliomwagwa mwaka jana uko chini ya huu wa mwezi huu. Chukueni bomba la chuma, mligongee kutoka juu mpaka mguse ardhi, na mfanye hivyo kwa mistari, tuseme kila hatua mbili tatu, rundo lote lifunikwe, shimo la bomba likiangukia mahali unapoona pabaya usilihamishe. Vaeni glavu. Mchanga ukiwa mbichi uanikwe juani kwenye turubai mpaka ukauke kabisa kabla ya kupimwa uzito, maana maji nayo yana kilo. Na tafadhali sana msiukaushe kwenye moto, ule mchanga una zebaki, ukiupasha mnavuta mvuke, na kipimo cha zebaki nacho kinapotea hewani.

Ukikauka ndo mnagawanya. Changanyeni kwenye turubai safi, halafu mmwage kwa beleshi juu ya ncha ileile mpaka litoke lundo lenye ncha kama pia ya kuchezea, ibonyezeni iwe kama chapati, chora msalaba, chukua robo mbili zinazotazamana, zile nyingine mbili weka pembeni. Rudia tena na tena mpaka ubaki na kilo chache. Vumbi linalobaki kwenye turubai msilikung'ute mbali, dhahabu ni nzito zaidi ya mara saba ya jiwe la kwatzi na inakimbilia chini, lile vumbi la mwisho ni sehemu ya sampuli kama mengine.

Mwisho mnatoa mafungu matatu: moja maabara, moja chuo, moja linafungwa mbele ya watu na kukaa kwa mweka hazina wa chama. Namba iandikwe nje ya mfuko na kipande cha plastiki chenye namba hiyohiyo kiwekwe ndani, kwa sababu za nje zinafutika. Ni namba tu, jina la mwenye rundo lisiwe kwenye mfuko. Jina, tarehe, mahali na sahihi ya aliyechukua viingie kwenye kaunta buku, na kila mfuko unapobadilisha mikono mtu asaini.

Kama mnataka pia kulinganisha njia, tuseme zebaki upande mmoja, na upande wa pili meza ya kutikisa inayotenga dhahabu pamoja na boraksi, unga wa kuyeyushia dhahabu bila zebaki, kama walivyoanzisha wachimbaji wa Benguet kule Ufilipino, basi jiwe lisagwe kwanza, ligawanywe mara mbili kwa njia hiyohiyo ya robo, ndo kila upande upite njia yake. Kuchukua jiwe la shimo hili kwa njia hii na la shimo lile kwa njia ile sio kulinganisha. Na kabla ya kusaga pitisheni jiwe tupu, lisilo na dhahabu, kwenye mashine, maana mashine inabaki na dhahabu ya mteja aliyepita.

Mahali nako kuna mtego. Ramani za zamani za Entebbe zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali unaoitwa Arc 1960, simu yako na GPS vinasoma WGS84, na ukichanganya hiyo miwili unahama karibu mita 300, yaani unaweza kujikuta kwenye shamba la jirani au nje ya leseni kabisa. Andikeni mfumo kwenye kaunta buku kila mara. Kwenye mgawanyo wa zoni za ramani sisi Busia tuko zoni 36 kaskazini, wenzetu wa Buhweju wako kusini mwa ikweta na Kisoro ni zoni 35, mkishirikiana nao mkumbuke.

Hatua ya saba: maabara

Katika kila sampuli 20 hivi tieni humo mfuko wa jiwe tupu, mfuko mmoja unaojirudia kwa namba tofauti, na mmoja wa sampuli ya kiwango ambayo thamani yake inajulikana, chuo ndo kitainunua. Jiwe tupu likirudi na dhahabu, maabara imechafua. Zile mbili zinazofanana zikipishana sana rudini kwenye hatua ya sita. Waambieni maabara kuwa mchanga una zebaki, ni usalama wao. Omba kipimo cha moto, kile cha kuyeyusha pamoja na madini ya risasi. Ile bunduki ya eksirei ya mkononi, kifaa cha kusoma madini papo hapo, ni nzuri kwa arseniki na risasi, kwa dhahabu kidogo kidogo inadanganya, msikubali bei ya rundo ipangwe kwa bunduki.

Hatua ya nane: majibu yarudi shimoni

Kikao kiwe machimboni na sio hotelini mjini. Mtafiti aeleze kwa hesabu ya kawaida: rundo lenu tani kadhaa, wastani gramu kadhaa kwa tani. Tuseme tani 7 zinaingia kwenye lori na wastani ni gramu 5, hilo lori linabeba gramu 35, haitatoka yote kwenye sayanaidi lakini sasa mnajua mnajadiliana juu ya nini. Rundo likiwa tupu naye aseme tupu. Na kama zebaki ni nyingi, lile rundo lisiuzwe kwa mwenye matangi kabla zebaki haijatolewa, hata bei ikiwa tamu, kwa sababu sayanaidi inaiyeyusha na inasafiri na maji mpaka kwenye visima tunavyochota wenyewe.

Majibu ya mkojo yasisomwe kikaoni. Kila mtu apewe lake peke yake, kwa faragha, na mwenye kiwango cha juu aandikiwe barua ya kwenda kituo cha afya. Ripoti ikichapishwa, waliofanya kazi watajwe kama wanataka kutajwa, na mwanafunzi aachwe ahitimu na data yake, ila bila zile namba za GPS mpaka muda wenu upite.

Tarehe mliyoandika ikipita na mtafiti kimya, mpigieni. Akizidi kukaa kimya andikeni barua kwa msimamizi wake chuoni, na kama bado, kwa kamati ya maadili iliyompa kibali. Simu ya kamati iko kwenye fomu ya ridhaa ambayo kila mtu alisaini, kwa hiyo siku ya kusaini hakikisheni nakala inabaki kwa mweka hazina, kwenye sanduku lilelile lenye sampuli.